Tangazo la Chini ya Ukurasa

Muze, 18 Februari 2024

Shangazi Kristiana,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba hujambo huko Malangali, na kwamba kile kikohozi cha Januari kimekuacha. Mimi sijambo. Huku bondeni joto ni kali mpaka madaftari yananata mikononi. Sisi tuliotoka Ufipa juu tunasinzia vipindi vya mchana, na Sista Janeth hupita kati ya madawati na jagi la maji, anatunawisha uso kama watoto wa chekechea.

Bibi hajambo. Jumapili ya kutembelewa alikuja kutoka Ilemba kwa gari la mpunga, akaniletea karanga za kukaanga na maneno mengi. Anasema mguu unamuuma ila mdomo hauna ugonjwa. Anakusalimu.

Karatasi zako nne za tovuti nimezipata kwa mkono wa Sista. Nimezisoma zaidi ya mara moja na kuzisahihisha kwa penseli kama ulivyoomba, ingawa naona aibu kumsahihisha mtu aliyenifundisha kusoma. Ni mambo machache. Neno "adhimu" linarudi mno, na sentensi ya kwanza ni ndefu, msomaji anachoka kabla hajajua unauza nini.

Nimeelewa kwamba tovuti mpya haitakuwa tena ya vitabu vya watoto. Ukurasa wa hadithi unaondoka, na mahali pake patakuwa na wasifu wa marehemu, hotuba za mazishini na vitabu vya kumbukumbu za familia. Umeandika kwamba shule hazinunui vitabu, wafiwa ndio wanaotafuta mwandishi, na mwandishi asiye na kampuni nyuma yake hufuata kazi inakokwenda. Nimejaribu kufurahi pamoja nawe. Lakini nitakikosa kile kitabu cha mtoto aliyefuga mbuzi kipofu. Nilikijua chote kwa moyo kabla hujakipeleka Mbeya kuchapwa.

Jambo moja la mwisho. Katika karatasi zote sikuona tangazo la Baba. Kwenye tovuti ya sasa liko chini ya kila ukurasa, pamoja na picha yake: ANATAFUTWA, Felisian, fundi uashi, mdogo wake mwandishi, aliondoka Sumbawanga Mei 2019 kwenda machimboni upande wa Chunya, aliyemwona apige namba hii. Nadhani Lugano, huyo kijana anayekutengenezea, amelisahau alipokuwa akihamisha mambo. Tafadhali mkumbushe.

Mwanao,
Avelina


Malangali, 24 Machi 2024

Avelina mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikwama na dereva wiki nyingi kwa sababu ya tope la mlimani, na ilipofika ilikuwa inanuka dagaa. Nimeisoma hivyo hivyo. Kikohozi kimekwisha. Mahindi yangu yamesimama, ya jirani yamelala kwa upepo, na sasa hanisalimii, kana kwamba upepo niliutuma mimi.

Masahihisho yako nimeyatia yote. "Adhimu" nimeliacha mahali pamoja tu, kwa sababu wafiwa wanalipenda.

Lugano alianza kwa kuipaka tovuti nzima rangi nyeusi. Nikamwambia, "Kijana, hii ni tovuti au jeneza?"

Akasema, "Mama, wateja wako wana majonzi. Unataka niwawekee vipepeo?"

Watu wa Mbeya hawashindwi neno. Tumekubaliana kijivu.

Wiki iliyopita niliitwa na watoto wa mzee mmoja mfanyabiashara, amefariki akiwa na miaka themanini. Tulikaa sebuleni, mimi na kalamu yangu, wao na simu zao. Mkubwa wao akaniambia, "Andika kwamba marehemu alikuwa na mke mmoja." Mke wa pili alikuwa amesimama pale pale na birika, anatumiminia chai. Nikamtazama. Akasema, "Andika tu, mwalimu. Kunywa chai yako isipoe." Niliandika kwamba marehemu ameacha familia. Sikutaja zaidi. Walinishukuru sana, wakasema nina busara.

Ndiyo kazi yenyewe. Unakaa na watu katika siku mbaya kuliko zote walizowahi kuwa nazo, nao wanakwambia uongo, na wewe unautafutia maneno mazuri.

Uliuliza kuhusu tangazo. Lugano anasema vitu vya chini ya ukurasa vinachelewesha tovuti kufunguka kwenye simu ndogo. Tutaona.

Hesabu zinakwendaje? Hukuzitaja, nami nimeliona hilo. Msalimie Mama ukifika Ilemba.

Shangazi yako,
Kristiana


Muze, 21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole na kazi. Mimi ni mzima. Hesabu nimepata alama C, ndiyo maana sikuzitaja. Kiswahili nilikuwa wa kwanza. Mvua zimepungua na mafuriko ya chini huku yameanza kukauka, ila mbu hawajaambiwa.

Nilimcheka sana Lugano na jeneza lake. Yule mama mwenye birika sikumcheka. Nimemfikiria mpaka kwenye sala ya jioni.

Siku ya Pasaka Sista alituruhusu wenye ndugu karibu, nikaenda Ilemba. Bibi ni mzima. Tulimenya karanga za mbegu, na kama kawaida yake akatenga za Baba kwenye bati, mbali na zetu. Kisha akaniuliza, "Redio ya Kristiana bado inamtangaza?" Unajua tovuti anaiita redio. Nimewahi kumweleza tofauti yake, akasema, "Inasema na watu usiowaona? Basi ni redio."

Nikamwambia ndiyo, bado inamtangaza.

Shangazi, nakuomba usinifanye mwongo. Najua tovuti ni mali yako, wewe ndiye unayeilipia, na mimi nasahihisha tu kwa penseli. Nimefikiria pia hilo la kuchelewesha kurasa. Nimemuuliza Mwalimu Atusaye, anayetufundisha kompyuta, naye anasema picha ikipunguzwa ukubwa hailemei kitu. Liwekwe basi kwenye ukurasa mmoja tu, hata ule wa mwisho ambao watu hawafiki. Mtu mmoja akifika inatosha. Baba hajui namba yako mpya. Akiingia kwenye mtandao siku moja, mahali pekee atakapotukuta ni hapo.

Nasali kwa ajili yako na kwa ajili ya kazi yako mpya.

Mwanao,
Avelina


Malangali, 2 Juni 2024

Avelina,

Marahaba. Baridi imeanza. Asubuhi mtu hawezi kushika jembe bila kulalamika. Ulezi umevunwa, mwaka huu ni mzuri, na nimemtumia Mama debe moja kwa dereva yule yule.

Nakutumia vitabu viwili vya mitihani iliyopita. Cha Hesabu kianze kwanza, usianze na unachokipenda.

Tovuti mpya imefunguliwa. Wateja watatu wameniita kutokana nayo, mmoja hata kutoka Mpanda. Kwa hiyo usihangaike nayo tena, kazi yako ya penseli imekwisha na nimeipenda. Sasa una kazi moja tu, nayo ni Novemba.

Kristiana


Muze, 14 Julai 2024

Shangazi Kristiana,

Shikamoo. Sote ni wazima, na Bibi alikuwa mzima mara ya mwisho nilipopata habari zake. Ulezi ulimfikia.

Naandika barua hii kwa shida. Mwalimu Atusaye alitupeleka chumba cha kompyuta, kidato cha nne wote, tuangalie tovuti zinavyopangwa. Mashine zinazofanya kazi ni chache, kwa hiyo yeye hurusha picha ya kompyuta yake ukutani tuone pamoja. Akauliza nani ana mfano. Nikanyoosha mkono. Nilijivuna, Shangazi. Nikasema shangazi yangu ni mwandishi wa kujitegemea, ana tovuti yake, ameibadilisha mwaka huu, na mimi nimeisahihisha.

Ikafunguka. Kijivu chake ni kizuri. Nilishuka mpaka chini ya ukurasa wa kwanza kabla ya wengine kumaliza kusoma juu. Tangazo halipo. Mwalimu akabonyeza penye "Mfano wa kazi zangu," na ukatokea wasifu usiokuwa kwenye karatasi zile nne. Umeandikwa juu yake: "Wasifu wa marehemu F." Mwalimu akamwambia Faith asome kwa sauti.

"Marehemu alikuwa fundi mpole, asiyependa makuu. Alipoijenga nyumba ya dada yake aliweka dirisha moja chini kuliko mengine. Alichekwa, hakujibu. Alifanya hivyo ili binti yake, aliyekuwa na miaka mitano, aone nje bila kubebwa."

Faith alipomaliza akasema, "Aisee, mimi nikifa niandikiwe na huyu mama. Hapa nimeshaanza kujililia." Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka. Niliomba ruhusa ya kutoka.

Shangazi, hilo ni dirisha la chumba changu. Mtu mzima linamfika magotini. Nakumbuka ulivyokuwa ukimwambia Baba, "Fundi gani anajenga dirisha la kuku?" Naye alikuwa akipiga mluzi tu. Mpaka anaondoka ulikuwa ukisema alikosea vipimo, na mimi pia niliamini alikosea. Wewe hukuijua sababu. Mimi niliyekuwa nalala ndani sikuijua. Bibi hajui. Aliyeijua ni Baba peke yake.

Basi nani amekwambia?

Nimefikiria hivi. Inawezekana umeongea naye. Inawezekana amekupigia, yuko hai, ana sababu ya kutotaka tujue, na neno "marehemu" umeliweka kwa ajili ya mfano tu, kama mwalimu anavyoandika ubaoni jina la mtu asiyekuwepo. Naomba iwe hivyo. Hata kama hataki kurudi. Hata kama ana familia nyingine huko. Sitakasirika, na unaweza kumwambia hivyo.

Kama sivyo, tafadhali niandikie.

Avelina


Muze, 25 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijapata jibu la barua yangu ya Julai. Mwanzoni nilisema moyoni ni ubovu wa njia. Lakini dereva amepita hapa kila wiki, na barabara ni kavu.

Mtihani wa majaribio umekwisha. Sijui nimeandika nini.

Avelina


Malangali, 8 Septemba 2024

Avelina,

Barua zako zote mbili nilizipata. Barabara ni kavu, ni kweli.

Sikuongea na baba yako.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Wafiwa huniambia, "Mwalimu, anzia popote," nami huwa nawaona wavivu. Sasa naelewa.

Mwezi wa kwanza, wiki ile uliyorudi shule, nilikuwa nachagua maharage uani. Simu ikaita, namba nisiyoijua. Mwanamume akajitambulisha kwa jina la Oswaldi, mchimbaji. Akauliza kama mimi ndiye mwandishi wa kitabu cha mbuzi kipofu. Nikafurahi, mwanangu. Nilidhani anataka kununua.

Akasema binti yake ana miaka saba, amejifunza kusoma mwaka jana, na hadithi ile anaisoma kwenye simu yake kila jioni bila kuchoka. Siku hiyo mtoto alifika mwisho wa hadithi, akaendelea kuteremsha kidole, akaona picha. Akamwita, "Baba, njoo. Huyu si Mfipa wako, wa ile picha ya kambini?"

Kule hawakumjua kwa jina lingine. Walimwita Mfipa. Shimo liliwaangukia wakati wa mvua za 2021, yeye na wenzake wawili. Waliwatoa kesho yake. Hawakujua wampigie nani, simu ilikuwa mfukoni mwake na haikufaa tena. Wakawazika huko huko.

Nikamwambia amekosea. Nikamwambia Wafipa ni wengi, picha ni ya zamani, mtoto ni mtoto. Hakubishana. Akasema Mfipa aliwajengea jiko la kambi, na siku hiyo akawasimulia kwamba nyumbani kwao kuna dirisha ambalo dada yake anamcheka nalo mpaka leo. Akawaambia kwa nini alilijenga. Akasema, "Sikumwambia dada, angeniona mjinga." Walikuwa wanakula, wakacheka wote, ndiyo maana Oswaldi alilikumbuka.

Nikakata simu. Sijampigia tena, naye hajapiga.

Uliamini kwamba hadithi nimeziacha kwa sababu shule hazinunui. Shule hazijawahi kununua, Avelina, miaka yote ile. Nikikaa kuandika kuhusu mbuzi namwona yule mtoto anateremsha kidole chini ya ukurasa. Siwezi. Ndipo nikamwambia Lugano aondoe ukurasa wa watoto wote na kila kilicho chini yake.

Huo wasifu niliuandika kwa sababu hakuna aliyemsomea. Lugano alitaka mfano wa kuonyesha wateja, na kila familia niliyoiomba ilikataa ya kwao isomwe na watu. Nikampa ule. Nilifuta majina nikadhani nimemaliza. Ulikuwa umekaa ndani ya daftari langu na mimi tu ndiye niliyekuwa nausoma. Nilitaka usomwe na mtu, hata wasiomjua. Sikuwaza kwamba utausoma wewe, tena ukutani, mbele ya darasa.

Nilisema nitakwambia baada ya mtihani. Ningekuja mwenyewe Novemba, nikuchukue, twende Ilemba pamoja. Bado nataka iwe hivyo. Mama usimwambie. Ana miaka sabini na sita na mguu. Mwache apande karanga zake kwanza.

Kula, hata kama hutaki. Mwambie Sista Janeth, asije akadhani unaumwa malaria.

Shangazi yako


Muze, 20 Oktoba 2024

Shangazi Kristiana,

Shikamoo. Tumepishana. Mimi nilirudi shule Jumapili jioni kwa amri ya Sista, kwa sababu ya mtihani, na nasikia wewe ulifika Ilemba Jumatatu asubuhi. Tulikupigia tangu Ijumaa bila kukupata. Baadaye mtu akasema ulikuwa Laela, kwenye msiba wa wateja wako. Natumaini mgongo wako haukuumia na gari la mizigo.

Labda majirani wamekusimulia kwa namna yao. Nakuandikia ilivyokuwa.

Sikwenda kumwambia Bibi. Ilikuwa likizo fupi, Sista aliniona sili, akasema nenda kwa bibi yako ukapumzike. Bibi alikuwa uani anapepeta. Tukasalimiana, akanipa kigoda, akaniuliza swali lake lile. "Redio ya Kristiana inasemaje?"

Nilitaka kusema bado inatangaza. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema, "Bibi, hawamtangazi tena."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu ambalo si la kweli. Nikamwambia lote, la mtoto na la shimo. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Akauweka chini vizuri. Akaingia ndani, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa sakafuni, ndipo akapiga yowe. Sijawahi kuisikia sauti ile ikitoka kwa mtu ninayemjua.

Watu wakaja. Jumuiya nayo ikaja na rozari. Mzee Polikarp, mwenyekiti wao, alisita mlangoni. Akasema, kwa heshima lakini, "Mama Kristiana, matanga hayaanzi kwa habari ya simu. Hatujaona mwili, hatujaona kaburi. Je, akitokea kesho hapo njiani?"

Bibi akamwambia, "Akitokea utakula naye ugali wa msiba wake. Kaa chini, Polikarp."

Akakaa.

Siku ya pili, baada ya rozari, Bibi akauliza kama kuna wasifu. Kila mtu ana wasifu siku hizi, akasema, hata yule mlevi wa mashineni alisomewa. Nikasema upo, aliuandika Shangazi. Nilikuwa nimeunakili kutoka ukutani siku ile niliporudi darasani peke yangu, Mwalimu Atusaye aliniachia mashine bila kuniuliza kitu. Wakanisimamisha katikati ya chumba.

Nikaanza, "Marehemu alikuwa fundi mpole."

"Nani?" Bibi akauliza.

"Baba, Bibi."

"Felisian mpole? Aliyemtupia katekista bunzi la hindi katikati ya mafundisho?"

Wanawake waliziba midomo, lakini kicheko kiliwatoka. Mama mmoja nyuma akasema, "Likampata sikioni!" Hata Mzee Polikarp akatazama chini, mabega yanatikisika.

"Futa," Bibi akasema. "Endelea."

"Asiyependa makuu."

"Alipenda. Aliniahidi nyumba ya bati la rangi, jekundu. Nikamwambia nyasi hizi zinatosha, akanijibu, 'Mama, unanitia aibu.' Ndiyo maana akaenda kule."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Nikasimama na karatasi, sijui niendelee au nikae. Akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikasoma la dirisha. Akaniambia nilirudie, nikalirudia, na mara ya pili sauti yangu haikufika mwisho, akamalizia Mzee Polikarp akisomea begani kwangu.

Sasa masahihisho. "Mpole" liondoke, na "asiyependa makuu" liondoke. Bibi anataka uandike kwamba alikuwa mkorofi utotoni, kwamba alipenda bati jekundu, na kwamba alijua kazi. Dirisha libaki kama lilivyo. Na jina lake lisiandikwe F.

Pia anataka umpigie Oswaldi. Anauliza nani aliwaimbia walipozikwa, na kama kuna msalaba. Nilimwomba asikuulize mbele ya watu, swali hilo likufikie kwa barua, ulisome peke yako kwanza. Ninaweza kumpigia mimi baada ya mtihani, lakini nadhani anakungoja wewe. Ulimkatia simu naye hakupiga tena, labda anadhani alikukosea.

Ukimpigia, muulize pia kuhusu mtoto wake. Nimemwaza sana. Alikuwa anasoma hadithi tu. Kama unaweza, mwambie Lugano ule ukurasa wa watoto aurudishe, hata kama huandiki mpya. Sisemi uandike. Asije akadhani hadithi iliondolewa kwa sababu yake.

Kuhusu tangazo, nilimwambia Bibi kwamba sasa hata lisiporudi si neno. Mimi mwenyewe sitaki kuiona tena picha ile chini ya kurasa. Bibi amekataa. Anasema watu walioombwa wamtafute ni lazima waambiwe waache, si adabu kuwaacha wanatafuta. Kwa hiyo lirudi chini ya kila ukurasa, na penye ANATAFUTWA paandikwe kwamba alikufa, na mwaka, na mahali alipo, na jina lake kamili, kwa sababu kule alizikwa kama Mfipa tu.

Nilikusudia kukuandikia maneno yenyewe kwenye karatasi ya pili, uyatie kama yalivyo. Nimejaribu tangu jana. Kila mara naandika jina lake, halafu siwezi kuandika kinachofuata. Naomba uyaandike wewe.

Mwanao,
Avelina Felisian